Taa Mbili Nyuma ya Seva

Jumatatu, 3 Februari

Nimefika hospitalini saa moja na nusu. Kipozahewa cha chumba cha seva kinadondosha maji tena. Nimeweka ndoo. Nje jua tayari linachoma.

Eeddo Rukia alikuwa amemaliza kufagia. Ameuliza hali ya mama. Eeddo ni shangazi. Hatuna udugu wa damu, lakini umri wake ndio huo, namwita hivyo, naye ananiita eeddo vilevile. Kwa Kiswahili haileti maana, shangazi kumwita mtoto shangazi. Kwa Kisomali ndivyo ilivyo.

Mwanzo wa mwezi, siku ya ukaguzi. Saa nne Wambua amepiga simu kutoka Nairobi. Ni fundi wa kampuni iliyotuletea seva mpya. Hatujawahi kuonana. Maswali yake ni yaleyale: feni zinasikika? Betri za akiba zimejaa? Taa za nyuma, zote kijani? Mimi hujibu kijani. Nimejibu kijani kwa miezi minane.

Ukweli ni kwamba sijui. Kijani na machungwa kwangu ni rangi moja, kitu kama mchanga uliolowa. Tangu utotoni. Anayejua ni Deqa peke yake, kwa sababu mke lazima ajue. Kazini hakuna. Kebo zangu zote nimezibandika namba. Wananisifu kwa utaratibu.

Leo Wambua ameongeza swali. "Kuna pawa saplai yenye taa ya machungwa? Maana hiyo modeli imeanza kutusumbua." Nikainama nyuma ya kabati. Pawa saplai, visanduku vinavyoipa mashine umeme, ni mbili, zimekaa bega kwa bega, kila moja na kitaa chake kidogo. Moja ilikuwa imetulia. Nyingine inapepesa. Mwezi jana hakuna iliyopepesa. Nikasema, ndiyo, ipo moja.

"Basi itoe, hesabu hadi sitini, irudishe. Mashine haitazima. Ile nyingine inabeba mzigo wote."

Hakuuliza ya kulia ama ya kushoto. Sikumwambia kwamba nachagua. Nilifikiri hivi: kwenye matundu ya mtandao, taa inayopepesa ndiyo inayofanya kazi, data inapita. Iliyotulia haina kitu. Kwa hiyo inayopepesa ni nzima na iliyotulia imekufa.

Nikavuta iliyotulia.

Feni zikanyamaza. Sijawahi kusikia chumba kile kikiwa kimya. Nikairudisha hapohapo, mashine ikaanza kuamka, lakini ilizimwa katikati ya kuandika na ikaanza kujikagua faili moja baada ya jingine. Hadi saa nane na nusu hospitali nzima haikuwa na kumbukumbu. Maabara waliandika majibu kwenye karatasi. Duka la dawa lilisimama.

Wambua nimemwambia umeme uliyumba. Daktari Sahra, mkuu wetu, nimemwambia bado natafuta chanzo. Uongo mara mbili kabla ya swala ya adhuhuri.

Jumanne, 4 Februari

Eeddo Rukia amesimamishwa kazi.

Daktari Sahra aliuliza nani aliingia chumba cha seva jana asubuhi. Kitabu cha mlangoni kina majina mawili, langu na lake. Yeye aliingia na ufagio, akafagia hadi nyuma ya kabati, kama kila siku. Wameamua ufagio ulilegeza kebo, ikachomoka baadaye. Akae nyumbani hadi uchunguzi uishe. Uchunguzi ni mimi. Daktari amenipa mimi niandike ripoti.

Nilikuwa pale ofisini alipoambiwa. Hakubishana. Alisema tu, "Sikugusa waya." Akanitazama. Nikatazama kalenda ukutani.

Nyingine. Jana, mashine ikiwa imezimika, aliletwa mama mjamzito kutoka Banissa, mbali kaskazini. Njia nzima hiyo, kwenye gari, na uchungu. Alishawahi kulazwa kwetu. Faili lake linasema penisilini inamdhuru, ilimvimbisha koo mara ya kwanza. Faili lilikuwa ndani ya mashine. Mkunga alikuwa na sindano mkononi alipowauliza waliomleta. Mama mkwe ndiye aliyekumbuka. Mtoto kazaliwa salama, mama yuko salama.

Mkunga amenisimulia hayo kama hadithi ya bahati njema. Nimekwenda kunawa uso.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa ili nilione neno lenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Sijaandika ripoti.

Nimepakua kitabu cha seva, sehemu ya nyuma. Kurasa kumi na nne. Printa ya ofisi haina rangi, kwa hiyo michoro imetoka nyeusi na nyeupe, na hilo limenifurahisha kwa namna ya ajabu. Kwa mara ya kwanza naitazama mashine kama wanavyoitazama wengine.

Ukurasa wa tisa. Pawa saplai: kijani iliyotulia, nzima. Machungwa inayopepesa, imeharibika.

Inayopepesa ndiyo mbovu. Kumbe ningesema neno moja tu kwa Wambua. Inapepesa. Angeniambia.

Miezi minane nimeishi na ile mashine. Nilijua kuiwasha na kuizima na kuongeza watumiaji. Nyuma yake sikuwahi kuisoma, kwa sababu nyuma kuna taa, na taa zinanitia aibu.

Sasa nitaisoma.

Alhamisi, 6 Februari

Saa sita hadi saa saba, wengine wakiwa swala na chakula, nimekaa sakafuni nyuma ya kabati. Upepo wa moto usoni, kama kukaa mbele ya ng'ombe anayehema.

Nimeanza kulia kwenda kushoto, kidole juu ya kila tundu. Pawa saplai ya pili, kisha ya kwanza. Halafu matundu manne ya mtandao, mawili yana kebo, mawili matupu. Kila tundu lina taa mbili, moja ya kusema kebo imeshika, ya pili ya kusema kuna kinachopita. Ya kwanza hutulia, ya pili huruka. Tundu la skrini, lile pana lenye misumari miwili. Ya USB mawili. Tundu moja la mtandao limekaa peke yake, mbali na wenzake, lina alama ya spana. Halina kebo. Sijui kazi yake. Na mwisho kabisa kitufe kidogo chenye herufi i.

Nimekibonyeza hicho kitufe. Taa ya buluu ikawaka.

Buluu naiona. Naiona vizuri kuliko watu wengi, nadhani. Nimekaa nikiitazama kama mjinga. Kitabu kinasema kazi yake ni kumwonyesha fundi aliye nyuma ni seva ipi hasa anayotakiwa kuishika. Kabati letu lina seva mbili, ya zamani juu na mpya chini. Ukibonyeza mbele, nyuma inawaka. Haiwezekani kukosea.

Nimechora mchoro wangu kwenye daftari hili, ukurasa wa nyuma. Hakuna rangi. Kuna mahali, na kuna mwendo: imetulia, inapepesa polepole, inapepesa upesi, imezimika.

Ile mbovu bado imo mle ndani inapepesa. Nimehesabu. Mara moja kwa sekunde, bila kuchoka. Mashine inasimama kwa mguu mmoja. Wambua ametuma pawa saplai mpya, itafika na basi wiki ijayo.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala ya Ijumaa nimempigia abti Gedi. Ni kaka wa mama. Analima ndizi Balambala, ukingo wa mto, na ana mbuzi wachache. Kitabu kingine nilichosoma jana, cha macho, kinasema hali hii hupita kwa mama. Mama mwenyewe anaona sawasawa, lakini anawapa wanawe. Kwa hiyo nimetafuta upande wa mama, na upande wa mama mwanamume ni mmoja.

Nilizunguka sana. Mvua, pampu, bei ya dizeli. Mwisho nikauliza. "Abti, wewe rangi unaziona?"

Nikasikia akizima pampu.

"Nani amekuambia?"

Nikasema hakuna. Nikasema mimi siioni kijani.

Hapo akaanza, na hakusimama. Ndizi hawezi kujua imeiva mpaka aibonyeze kwa kidole. Vibarua wake wanadhani ni ujuzi. Alipokuwa kijana alikwenda kuandikishwa jeshini, akakimbia akawa wa tatu katika kundi zima, wakampima macho wakamrudisha. Nyumbani alisema ameshindwa mbio. Baba yake alimcheka hadi alipokufa. Mama yangu hajui hadi leo.

"Nimekubali kuitwa mvivu miaka arobaini," akasema, "na nilikuwa wa tatu."

Nikamuuliza mbuzi wake anawatambuaje, wale wekundu wakiingia vichakani. Akaona ni swali la kijinga. Kila mbuzi anatembea kwa namna yake. Mmoja anaburuta mguu wa nyuma, mwingine hutupa kichwa kila hatua tatu. "Rangi ya nini?"

Sikumwambia kuhusu eeddo Rukia. Ningemwambia, angeuliza nimefanya nini, na jibu ni kwamba sijafanya kitu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimejaribu programu ya simu inayotaja rangi. Unaelekeza kamera, inaandika jina. Taa nzima: njano. Taa mbovu: njano. Feni ya kipozahewa: kijivu kijani. Mkono wangu: kahawia. Nimeifuta.

Mchoro wangu ni bora. Nimejipima mwenyewe: nimefumba macho, nimegusa, nimetaja tundu. Mara ishirini bila kosa.

Ripoti bado.

Jumapili, 9 Februari

Deqa ameniuliza asubuhi kama nitakwenda kwa Rukia. Nimesema nitakwenda. Akauliza nitakwenda kusema nini. Nikasema pole. Akasema, "Pole ya nini? Ya kufukuzwa, ama ya kumfukuzisha?" Akaendelea kukoroga unga wa canjero, mkate wetu wa asubuhi.

Nimekwenda. Kutoka kwetu Waberi hadi kwake ni mwendo wa nusu saa. Nyumba yake ina lango la mabati. Nilisikia sauti yake ndani, anamwita mjukuu. Nilisimama nje kiasi cha kuvuta pumzi mbili. Lango likafunguka, akatoka na ndoo ya maji machafu kuyamwaga.

Aliniona. Nikamsalimu kwa Kisomali, vizuri, salamu ndefu.

Akajibu kwa Kiswahili. "Karibu, injinia. Iko shida kazini?"

Kiswahili. Sisi hatuzungumzi Kiswahili, mimi na yeye. Kiswahili ni cha karani, cha polisi wa vizuizi vya barabarani, cha mtu aliyetoka mbali. Na injinia, si eeddo.

Nikasema hapana, nilikuwa napita tu. Akamwaga maji, akarudi ndani, akafunga.

Amejua. Hajui nini, lakini amejua kwamba najua.

Jumatatu, 10 Februari

Lile tundu lenye alama ya spana.

Nimelisoma leo, kurasa sita. Ni mlango wa usimamizi. Ndani ya seva kuna kompyuta nyingine ndogo, kazi yake ni kuichunga kubwa. Haizimi hata kubwa ikizima. Inaangalia joto, feni, diski, umeme. Na kila inachokiona inakiandika, kwa maneno. Unachomeka kebo, unafungua ukurasa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, unasoma.

Kwa maneno.

Miezi minane tundu lile limekaa tupu. Aliyefunga seva hakuchomeka, mimi sikuuliza. Mashine imekuwa ikiandika hali yake yote na hakuna aliyefungua kusoma.

Nilikuwa na kebo ya akiba, mita mbili. Nimeibandika namba 31. Nimechomeka. Taa mbili za lile tundu zikaamka, moja ikatulia, ya pili ikaruka. Mbele ya mashine kuna kibao chembamba cha plastiki unachokivuta kama ulimi, kina nywila ya kwanza. Imenichukua hadi alasiri kupata anwani. Sikula.

Ukurasa ukafunguka. Pawa saplai ya kwanza: nzima. Pawa saplai ya pili: imeharibika.

Chini yake kuna kumbukumbu za matukio, kwa saa na dakika. Nimezisoma zote. Pawa saplai ya pili iliharibika Alhamisi iliyotangulia, siku nne kabla ya ukaguzi. Halafu Jumatatu, saa nne na dakika kumi na tisa: pawa saplai ya kwanza imeondolewa. Haisemi imekosa umeme. Imeondolewa. Sekunde sita baadaye: imerudishwa.

Ufagio hauwezi kuondoa pawa saplai. Kuna kishikio cha kubana na cha kuvuta. Inataka mkono.

Nimekaa na ule mstari mbele yangu. Ninaweza kuufuta. Nina nywila.

Jumanne, 11 Februari

Sijaufuta. Nimeuchapisha, nakala mbili.

Pawa saplai mpya imefika na basi, imefungwa kwenye boksi lenye povu. Wambua anataka niibadilishe leo. Nimemwambia Jumamosi, hospitali ikiwa na watu wachache. Kweli, lakini si kweli yote. Sitaki kuigusa ile mashine kabla sijasema. Nikifanikiwa kwanza, nitapata sababu ya kunyamaza. Najijua.

Kesho saa mbili, kabla Daktari Sahra hajaanza mzunguko wa wodini.

Jumatano, 12 Februari

Nimesema.

Nilisimama. Aliniambia nikae, sikukaa. Nikaweka karatasi mezani, nikaonyesha mstari. Nikasema mkono ulikuwa wangu, ufagio haukugusa chochote. Nikasema kuhusu macho. Nikasema kuhusu kijani cha miezi minane.

Alisoma karatasi mara mbili. Daktari Sahra hapandishi sauti. Ningependa apandishe.

"Nani mwingine anajua habari za macho?"

"Mke wangu."

"Na Rukia amekaa nyumbani siku ngapi?"

"Nane."

"Wewe ulikuwa unajua siku zote nane."

"Ndiyo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Macho tutazungumza baadaye. Kwanza Rukia. Atarudi kesho, na utasema mbele ya wote, kwa mdomo wako. Halafu utaandika ile ripoti niliyokupa wiki iliyopita." Nikageuka kutoka. Akaniita. "Yule mama wa Banissa. Unafahamu?"

Nikasema nafahamu.

"Vizuri," akasema. "Usisahau."

Nitapewa barua ya onyo. Itakaa kwenye faili langu. Sijafukuzwa, au bado. Nimerudi chumbani kwangu nikagundua nimeshika kalamu ya Daktari. Nimeirudisha kwa mhudumu wa mapokezi.

Wambua naye nimempigia. Nilitarajia matusi. Akacheka, si kwa ubaya. "Si ungesema tu, boss. Hapa ofisini tuko na wawili kama wewe. Ningekuuliza inapepesa ama haipepesi, basi." Miezi minane nimebeba jambo ambalo kwake lilihitaji neno moja. Sikujua nicheke au nilie. Nimemaliza ripoti. Kurasa mbili.

Alhamisi, 13 Februari

Mkutano wa asubuhi, chini ya kivuli cha mapokezi. Wauguzi, maabara, walinzi, madereva. Nimesema. Dakika tatu labda. Nilimtazama eeddo Rukia nilipolitaja jina lake, kwa sababu wiki iliyopita nilitazama kalenda.

Alifunga vizuri shungi lake, akachukua ufagio, akaenda wodi ya watoto kuanza kazi.

Mkunga hajanisalimu leo. Ni haki yake. Mtu mmoja wa maabara ameinua kalamu mbili akaniuliza ipi ni nyekundu. Wakacheka. Nikamwambia sijui, na kwamba ningependa aandike majibu ya wagonjwa kwa maneno na si kwa wino wa rangi. Hawakucheka tena. Wameniuliza ni kina nani wengine wasioona rangi. Sijui. Katika watu wote tulio hapa, siwezi kuwa peke yangu.

Jumamosi, 15 Februari

Leo.

Daktari ameweka sharti: kazi yoyote nyuma ya seva, pawe na macho mengine. Anayekuwepo Jumamosi asubuhi na mwenye ufunguo wa chumba ni mmoja.

Nimemfuata kwenye korido. Nimemwomba kwa Kisomali. Akajibu kwa Kiswahili. "Mimi nataka kufanya nini huko, injinia? Mimi si fundi."

Nikasema, kuniambia rangi.

Alinitazama sana. Halafu akaegemeza ufagio ukutani, nje ya mlango, mbali kabisa na kabati, mahali ambapo kila apitaye atauona. Akaingia mikono mitupu.

Nilibonyeza kitufe cha mbele. Nyuma, buluu ikawaka kwenye seva ya chini. Ndiyo yenyewe. Nikafungua kompyuta juu ya kiti, ukurasa wa usimamizi: ya pili, imeharibika. Nikaangalia mchoro wangu: ya pili ni ya kulia ukiwa nyuma. Nikaangalia mwendo: ya kulia inapepesa, mara moja kwa sekunde. Kisha nikaelekeza kidole bila kusema neno.

Akainama. Ana shida ya magoti, akashika bega langu.

"Hii ya kushoto kijani. Hii ya kulia machungwa, kama kiini cha yai la kienyeji."

Halafu akasema jambo lingine, taratibu, kama mtu anayeweka sahani mezani.

"Hii iligeuka machungwa Alhamisi ile. Kabla ya shida. Mimi nilikuwa nafagia, nikaona. Zamani zote mbili zilikuwa kijani. Nikafikiri wewe unajua. Kazi ni yako, taa ni zako. Nani angeniuliza mimi?"

Alhamisi ile. Mashine iliandika siku hiyohiyo. Yeye alikuwa ameona kabla ya mashine kupata wa kuisoma. Kila asubuhi alinifungulia mlango na kuniuliza hali ya mama, na mimi sikuwahi kumuuliza ameona nini mle ndani.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia nimekosa, si kwa kunyamaza peke yake, hata kabla ya hapo. Akasema, "Vuta basi. Magoti yananiuma."

Nikabana kishikio cha kulia. Nikasoma tena ukurasa. Nikahesabu tena mipepeso, kumi.

Nikavuta.

Feni ziliendelea. Nilisubiri kimya kile cha siku ile, hakikuja. Nikaitoa mpya kwenye povu, nikaisukuma hadi ikatoa mlio wa kushika, nikachomeka kebo yake. Kitaa kikapepesa mara chache. Kikatulia.

"Kijani," akasema eeddo Rukia. "Zote mbili kijani."

Ukurasa ukasema: ya kwanza nzima, ya pili nzima. Wambua akasema kwenye simu, safi sana. Dakika nne kwa jumla. Juu, wodini, hakuna aliyejua kwamba kuna kilichofanyika.

Akainuka kwa kushika bega langu tena. Mlangoni akachukua ufagio wake. Akaniuliza, kwa Kisomali, kama mama bado anasumbuliwa na mgongo. Nikasema bado. Akasema atanipa majani ya kuchemsha, nimkumbushe.

Hakuniita eeddo. Hakuniita injinia pia.

Jumatatu, 17 Februari

Nimebandika karatasi nyuma ya mlango wa chumba cha seva. Mchoro wa nyuma ya mashine, mkubwa, kila tundu na jina lake kwa Kiswahili, kila taa na mwendo wake, na rangi yake kando kwa wanaoiona. Nimemwomba eeddo Rukia aseme akiona taa yoyote imebadilika, wakati wowote, aniambie mimi au amwambie Daktari. Amesema atasema. Amesema pia kipozahewa kitaua mashine kabla ya umeme kuiua, ndoo imejaa tangu asubuhi. Nimeita fundi wa vipozahewa.

Barua ya onyo imefika. Nimetia saini.

Alhamisi, 20 Februari

Daktari Sahra alinituma kliniki ya macho, hapahapa kwetu, jengo la pili. Nilikaa kwenye benchi na wazee wa mtoto wa jicho. Mzee mmoja kutoka Wajir alinieleza njia nzima ya safari yake. Nilimsikiliza. Sikuwa na haraka.

Mtabibu ni mwanamke mtaratibu, mgeni kidogo mjini. Alinionyesha kurasa za vitone. Kwenye ukurasa wa kwanza niliona namba. Wa pili sikuona kitu. Wa tatu sikuona kitu. Zamani ningebahatisha. Nikasema sioni. Akageuza. Nikasema sioni. Hakushangaa wala hakunionea huruma. Akageuza hadi mwisho.

Akauliza kama nyumbani kuna mwingine. Nikasema abti yangu, kaka wa mama, na kwamba anapenda watu wajue alikuwa wa tatu katika mbio. Akatabasamu, hakuuliza.

Halafu akanigeuzia mgongo akaandika kwenye kompyuta. Jina langu, umri, matokeo. Nilisikia vidole vyake kwenye kibodi. Akabonyeza, akasubiri kidogo, ikahifadhiwa kwenye seva.

"Tayari," akasema. "Mwite anayefuata."

Nikamshika mkono mzee wa Wajir hadi mlangoni, nikarudi kazini.